Kusaka makasha ya jiokashi kwenye theluji: dalili, chanzo na la kufanya

Kuanzia mwisho wa Novemba hadi Machi, mchezo wa jiokashi hapa Minnesota hubadilika kabisa. Kasha ambalo Julai mtoto wa darasa la pili angeliokota kwa kuinama tu, Januari linamrudisha mtu mzima nyumbani mikono mitupu, vidole vikiuma na simu imezima. Wengi huweka vifaa kabatini wakangoja Aprili. Sikubaliani nao. Matatizo ya majira haya ni machache, hujirudia mwaka hadi mwaka, na karibu kila moja lina chanzo kinachojulikana. Nayaandika kwa wenzangu wa Minneapolis, Saint Paul na Rochester tuliotoka Kisii, Arusha au Bukavu, ila aliye Edmonton au Oslo pia atayatambua.

Kwa mgeni wa mchezo, maneno machache. Tarehe 2 Mei 2000 serikali ya Marekani iliacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia. Siku iliyofuata Dave Ulmer alificha ndoo msituni karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akaweka viwianishi vyake kwenye intaneti ili wengine waitafute. Mchezo bado ni ule ule: unafuata latitudo na longitudo, unalipata kasha, unatia sahihi kwenye karatasi iliyomo, unalirudisha lilipokuwa, kisha unaandika taarifa kwenye programu ya mchezo katika simu. Kasha linaweza kuwa dogo kama ncha ya kidole au kubwa kama ndoo.

Dalili: GPS inasema umefika, mbele yako ni theluji tupu

Hili ndilo tatizo mama, kwa hiyo nitakaa nalo.

Wengi hukimbilia kulaumu setilaiti. Mara nyingi setilaiti hazina kosa. Mahali peupe, simu ya kawaida hukuonyesha ulipo kwa kosa la mita 5 hivi. Aliyelificha kasha naye alikuwa na kosa la kiasi hicho. Ukiyajumlisha unapata duara lenye nusu kipenyo cha mita 10, yaani mita za mraba 314. Theluji ikiwa na kina cha sentimita 40, ndani ya duara hilo kuna mita za ujazo zaidi ya 120 za theluji. Hakuna anayefukua kiasi hicho, na hapaswi kujaribu. Kinacholipunguza duara ni kujua kasha liko juu au chini, kwenye nini, na upande gani. Hayo hayajulikani kwa beleshi. Yanajulikana kwa kusoma.

Soma ukurasa wa kasha kabla hujavaa buti. Tazama kwanza kama mwenye kasha ameweka alama ya kipande cha theluji, maana yake linapatikana hata wakati wa baridi. Alama isipokuwepo, si lazima liwe limefukiwa, lakini hujaahidiwa kitu. Kisha kifungue kidokezo. Herufi zake zimehamishwa nafasi 13 ili mtu asikisome kwa bahati mbaya. Programu hukifungua kwa kubonyeza mara moja. Kiangazi wapo wanaoona fahari kutokisoma. Wakati wa theluji naona ni kujinyima bure: kidokezo kikisema “usawa wa kifua” umeshaondoa sehemu kubwa ya theluji kwenye hesabu, na kikisema “chini ya gogo” unajua kabisa kazi inayokungoja, au unaamua kubaki nyumbani.

Baada ya hapo rudi nyuma kwenye taarifa za waliotangulia, uchague zile za Desemba hadi Machi za miaka iliyopita. Hapa ndipo penye dhahabu. Taarifa ya Februari inayosema “nilifuta theluji kidogo nikaliona” ina thamani kuliko sifa thelathini za Julai. Ukikuta kila mwaka taarifa zinakatika Desemba na kuanza tena Aprili, kasha hilo liko chini, liache lilale.

Ukifika uwanjani, upepo una habari yake. Minnesota upepo mwingi wa majira haya hutoka kaskazini-magharibi. Kwa hiyo theluji hurundikana upande wa kusini-mashariki wa magogo, kuta na vichaka, mahali palipokingwa, na upande wa pili hubaki nyembamba. Miteremko inayotazama kusini huyeyuka kwanza. Chini ya misonobari matawi ya chini hupokea theluji, na karibu na shina hubaki shimo lenye theluji haba. Wafichaji wazoefu wanalijua hilo, ndiyo maana msonobari huwa wa kwanza kuutazama nikiona miti ya aina mbalimbali ndani ya duara langu.

Tafuta pia umbo lisilo la asili. Vijiti vilivyopangwa sambamba, gome lililoegemezwa, rundo la mawe: hivi hubaki na sura yake hata chini ya sentimita 15 za theluji, kwa sababu theluji hufuata kilichopo chini. Inama utazame mlalo, jua likiwa chini. Vivuli vitakuonyesha kilima kidogo ambacho ukisimama wima hukioni.

Ukibakiwa na sehemu mbili au tatu za kupima, tumia fimbo ya kutembelea, taratibu, ukisikiliza. Jiwe hugonga kavu, gogo hugonga zito, chuma hulia, plastiki hurudisha sauti tupu. Usichome kwa nguvu. Plastiki iliyoganda hupasuka, na hilo litaelezwa chini. Kanuni za mchezo haziruhusu kasha kufukiwa ardhini bila idhini ya mwenye ardhi, kwa hiyo ukishafika kwenye udongo umevuka mpaka. Beleshi la chuma liache garini. Linaharibu makasha, na mlinzi wa hifadhi akikuona nalo ataamini unachimba.

Yapo makasha ambayo theluji si chanzo, bali magari ya kuisukuma. Lililobandikwa kwa sumaku kwenye kingo za chuma barabarani huweza kusombwa na kutupwa mbali na lilipokuwa. Lililo chini ya kifuniko cha nguzo ya taa, kwenye maegesho ya duka kubwa, hukutwa ndani ya mlima wa theluji ngumu iliyochanganyika na changarawe. Usipoteze saa nzima hapo. Rudi Aprili.

Dalili: mshale hautulii, unakuzungusha

Theluji inayoanguka haizuii mawimbi ya GPS kwa kiasi cha kukusumbua. Kinachosumbua ni theluji mbichi, nzito, iliyolalia matawi ya misonobari juu ya kichwa chako. Maji hudhoofisha mawimbi, na vigogo vilivyolowa huyarudisha yakafika kwenye simu yakiwa yamechelewa. Dawa ni kutoka nje ya miti, mita 20 au 30, kwenye uwazi, usubiri dakika chache namba zitulie, kisha usome umbali na upande. Fanya hivyo kutoka pande mbili tofauti. Mistari miwili inapokutana ndipo pa kutafuta, hata kama mshale ndani ya miti unasema vingine.

Chanzo cha pili ni mwendo wako. Vifaa vingi hukisia upande unaoelekea kwa kulinganisha ulipokuwa na ulipo sasa. Kwenye theluji ya magotini mtu huenda polepole mno, anasimama, anayumba, na kifaa hakina cha kulinganisha. Washa dira ya ndani ya simu, uirekebishe kwa kuichora namba nane hewani, na uondoe jalada lenye sumaku.

Tena, usigombane na tarakimu ya mwisho. Kwenye viwianishi vya jiokashi, 0.001 ya dakika (dakika hapa ni sehemu ya 60 ya digrii, siyo ya saa) ni mita 1.85 kaskazini hadi kusini, na katika latitudo ya Minneapolis ni kama mita 1.3 mashariki hadi magharibi. Tofauti ya tarakimu mbili au tatu ni ndogo kuliko kosa la simu yenyewe.

Dalili: simu imezima ikiwa na asilimia 40

Betri haijafa. Baridi hupunguza kasi ya kemia ndani ya betri ya lithiamu na kuongeza ukinzani wake. Simu inapotaka umeme mwingi ghafla, kwa kioo kinachong'aa na GPS pamoja, volti huanguka na simu hujizima ili kujilinda. Apple wenyewe wanasema iPhone itumike kati ya nyuzi 0 na 35 za Selsiasi. Sisi tunaitoa mfukoni kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri.

Iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili, siyo mfuko wa nje wa koti. Itoe kwa nusu dakika, soma, irudishe. Pakua ramani na ukurasa wa kasha kabla ya kutoka, kisha zima data. Ikishazima, ipashe joto kwa mwili wako. Baada ya dakika kumi au kumi na tano mara nyingi huwaka tena na asilimia zake zikarudi. Pawabenki nayo iwe ndani ya nguo, na usichaji simu ikiwa imeganda: kuchaji betri ya lithiamu chini ya nyuzi 0 huiharibu kabisa, uharibifu usiorudi.

Mwenye kifaa cha GPS kinachotumia betri za AA yuko salama zaidi, mradi asitie zile za alkali za bei rahisi. Betri za AA za lithiamu, zisizochajiwa tena, hufanya kazi hadi nyuzi 40 chini ya sifuri. Ukizitia, badilisha aina ya betri kwenye menyu ya kifaa, la sivyo alama ya chaji itakudanganya.

Kioo kisiposikia glavu, tatizo si baridi. Kioo hutambua umeme wa ngozi, na sufu haiupitishi. Vaa glavu nyembamba zenye uzi wa kupitisha umeme kwenye ncha za vidole, kisha juu yake glavu nene za vidole vinne pamoja.

Dalili: kasha unaliona, lakini halibanduki au kifuniko hakifunguki

Maji yaliingia kwenye mshono mchana wakati wa jua, usiku yakaganda. Au sanduku la chuma la kuhifadhia risasi za bunduki, ambalo kwa maoni yangu ndilo kasha bora kwa nchi za baridi, limeshikamana na ardhi iliyolowa.

Usilipige teke, wala usimwage chai ya moto kutoka kwenye chupa. Chai hufungua kwa sekunde chache, huingia ndani, hulowesha karatasi, kisha huganda na kufunga zaidi ya awali. Chukua kipakiti cha joto, vile vyenye unga wa chuma vinavyopata moto vikikutana na hewa, ukishike juu ya lachi (kibanio cha kifuniko) au mshono kwa dakika kadhaa. Gonga kuzunguka kwa kipande cha mti ili barafu ipasuke. Kichupa kidogo kitie ndani ya glavu yako kikae kiganjani, halafu kizungushe kifuniko bila kutumia koleo.

Visanduku vya plastiki vya jikoni, vyenye lachi nne za kubana, vina ugonjwa wao. Plastiki ya polipropilini hupoteza unyumbufu inaposhuka chini ya nyuzi 0, na lachi iliyozoea kukunjwa mara mia huvunjika mara moja. Ipashe joto kwanza kwa kiganja, kisha ifungue polepole. Ikivunjika mkononi mwako, mwambie mwenye kasha kwenye taarifa yako. Lifunge kwa mpira au kamba, na usiache kasha jipya ulilokuja nalo bila idhini yake. Makasha ya kuachwa hivyo huleta mkanganyiko: wengine hutia sahihi la zamani, wengine jipya, na mwenye kasha hajui lipi ni lake.

Dalili: karatasi ni donge la barafu, kalamu haiandiki

Kalamu ni rahisi. Wino wa kalamu ya kawaida huwa mzito ukagoma, na ule wa jeli una maji, huganda. Beba penseli.

Karatasi ni ngumu zaidi. Unyevu mwingi ndani ya kasha hauingii kupitia tundu. Unaingia pale mtu anapolifungua theluji ikianguka, au anapopumulia ndani akiwa ameinama. Pumzi ni mvuke. Upe upepo mgongo, fungua kasha likiwa limeelekea chini kidogo, lifungue mara moja tu, na upumue pembeni. Kung'uta theluji kwenye glavu kabla hujagusa chochote cha ndani.

Ukikuta karatasi imeganda, usiikunjue kwa nguvu. Itavunjika vipande vipande na sahihi za watu za miaka yote zitapotea. Piga picha ya ulichokikuta, ongeza kijikaratasi ndani ya mfuko mdogo wa kubana chenye jina lako la mchezo na tarehe, kisha tuma ombi la kasha kuangaliwa na mwenyewe.

Lirudishe mahali pale pale. Hili halifuatwi ipasavyo. Mtu huchoka, huliegemeza juu ya theluji pale alipolitolea, akifunika na theluji nyingine. Linaonekana sawa hadi Aprili. Theluji ikiyeyuka, kasha lililopaswa kuwa kwenye tundu la mti linakuwa limelala wazi, au limesombwa na maji hadi mtoni.

Dalili: vidole vimekufa ganzi, mwenzako haongei vizuri

Hapa mchezo umekwisha. Nyuzi 18 chini ya sifuri, pamoja na upepo wa kilomita 24 kwa saa, mwili huhisi kama nyuzi 28 chini ya sifuri. Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani inasema ngozi iliyo wazi huweza kuganda katika dakika 30. Na msaka makasha huvua glavu mara kwa mara kuliko mtu yeyote mwingine aliye nje.

Vitabu vingi vya huduma ya kwanza husema utazame ngozi inayokuwa nyekundu kisha nyeupe. Maelezo hayo yaliandikwa kwa ajili ya ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu dalili ya mapema ni rangi ya kijivu au ya majivu, ngozi isiyong'aa, inayogusika kama nta, pamoja na kupotea kwa maumivu. Maumivu yakikoma ghafla wakati hujapata joto, usishukuru, tazama kidole. Tena tafiti za majeshi ya Marekani na Uingereza zilionyesha kwamba wanajeshi wenye asili ya Afrika hupata majeraha ya baridi zaidi ya wenzao weupe walio kwenye mazingira yale yale. Sisemi hivi kumtia mtu hofu. Nasema ili usijipime kwa rafiki yako aliyezaliwa Duluth, kaskazini mwa Minnesota, anayetembea mikono mitupu.

Kidole kikiganda usikisugue, na usikisugue kwa theluji hasa, ingawa wazee wengi hapa bado hushauri hivyo. Kiweke kwapani. Ukifika ndani, maji ya uvuguvugu ya nyuzi 37 hadi 39, siyo ya moto, maana kidole kisichohisi hakitakuambia kimeungua. Kama kuna uwezekano wa kuganda tena kabla hujafika nyumbani, ni afadhali kukiacha hivyo hivyo hadi ufike. Kuyeyuka na kuganda mara ya pili huharibu zaidi. Malengelenge au ngozi ngumu ni hospitali.

Kwa mwili mzima, dalili ni nne rahisi: mtu anaanza kuangusha vitu, anajikwaa, anaongea kwa kumung'unya, na ananuna bila sababu. Mpeleke kwenye joto, mvue nguo zilizolowa, mpe kitu kitamu cha moto akiwa anaweza kumeza. Akiacha kutetemeka ilhali bado ana baridi, piga 911.

Dalili: kasha liko kisiwani, na ziwa limeganda

Minnesota ina maziwa zaidi ya 10,000, na visiwa vingi vina makasha. Kiangazi kasha la namna hiyo hupewa ugumu wa njia wa 5, kiwango cha juu kabisa, kwa kuwa linahitaji mtumbwi. Februari unalifikia kwa miguu. Hata vinamasi ambavyo Juni ni mbu na matope hadi kiunoni hupitika. Ndiyo sababu kubwa ya kutoweka vifaa kabatini, na ndipo pia mchezo huu unapoweza kuua.

Idara ya Maliasili ya Minnesota inataja inchi 4, yaani sentimita 10, za barafu mpya, ngumu na angavu kwa mtu anayetembea. Barafu nyeupe, iliyochanganyika na theluji, ihesabu kuwa na nusu ya nguvu, kwa hiyo inahitaji unene maradufu. Idara hiyo hiyo husisitiza kwamba hakuna barafu iliyo salama kwa asilimia 100. Unene haupimwi kwa macho wala kwa kuona nyayo za mwenzako. Unapimwa kwa patasi ya barafu au kekee, na si pale ufukweni tu. Wanashauri angalau kila futi 150, kama mita 45, kwa sababu unene hubadilika ndani ya ziwa moja.

Vyanzo vya barafu nyembamba ni hivi: mdomo wa kijito, chemchemi chini ya ziwa, njia nyembamba kati ya visiwa viwili ambako maji hutembea, chini ya madaraja, na kandokando ya mashine zinazopuliza hewa majini ili samaki wasife. Theluji nene nayo ni chanzo, jambo linalowashangaza wengi. Huikinga barafu na baridi ya juu, ikazuia kuongezeka unene. Ziwa jeupe lenye theluji ya magotini huenda lina barafu nyembamba kuliko lililofagiwa na upepo.

Mngurumo wa ziwa usiufanye kipimo. Barafu nene hunguruma inapotanuka na kusinyaa kwa mabadiliko ya joto. Haukuambii ni salama, wala haukuambii ni hatari. Barafu ya kijivu, maji juu ya barafu, na ufa wenye unyevu, hivyo ndivyo vya kukurudisha.

Nenda na mwenzio, mkiwa mmeachana mita kadhaa, kila mmoja na koti la kuokolea na misumari miwili ya barafu, yenye mipini ya kujivutia, shingoni. Ukitumbukia una kama dakika moja ya kutawala pumzi, dakika kumi ambazo mikono bado inafanya kazi, na saa moja hivi kabla ya kupoteza fahamu. Geuka ulikotoka, kwa sababu barafu hiyo ilikubeba. Choma misumari, piga miguu kama unaogelea, na ukitoka usisimame: bingirika mbali na shimo.

Kwa maoni yangu, kama hukujaliwa mtu wa kwenda naye, kasha la kisiwani halipo kwenye orodha yako.

Dalili: mpita njia anakutazama, au nyayo zimelifichua kasha

Theluji mpya huandika kila hatua. Njia moja ya nyayo inayotoka barabarani hadi kwenye mti mmoja na kurudi ni mshale mkubwa kwa asiyejua mchezo, na makasha mengi huibwa hivyo. Pita mti ule, nenda hadi wa pili na wa tatu, zunguka, utoke upande mwingine. Usikanyage njia zilizochongwa kwa ajili ya skii. Nyayo zako zikiganda huwaangusha watu. Novemba, msimu wa kuwinda paa kwa bunduki, vaa rangi ya machungwa yenye kung'aa.

Saa za mchana ni chache. Desemba, Minneapolis hupata mchana wenye urefu wa saa tisa hivi, na jua huzama muda mfupi baada ya saa kumi na nusu jioni. Mtu mweusi anayepapasa nguzo ya taa gizani kwenye maegesho anaweza kuitiwa polisi. Sote tunaijua hali. Mimi huyachagua ya hifadhini mchana na kuyaacha ya madukani. Afisa akija, simama mikono ikionekana, ueleze mchezo, uombe ruhusa kabla ya kutoa simu kumwonyesha programu.

Na gari: Minneapolis na Saint Paul zikitangaza dharura ya theluji, sheria za kuegesha hubadilika kwa siku kadhaa na magari huburutwa. Angalia tangazo kabla ya kuliacha.

Hukulipata kabisa

Andika hivyo. Taarifa ya “sikulipata” si aibu, ni data, lakini wakati wa theluji iandike vizuri: kina cha theluji, ulitafuta wapi, ulifika kwenye udongo au hukufika. “Theluji sentimita 50, nilitazama misonobari yote mitatu hadi usawa wa kichwa, chini sikugusa” inamsaidia anayekuja na kumtuliza mwenye kasha. “Halipo!” peke yake inamtoa mtu nje kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri kwenda kukagua kasha ambalo halijasogea. Usiombe kasha lifutwe kwa sababu ya theluji.

Na kama ni wewe uliyelificha, Oktoba ndiyo wakati wa kurekebisha. Lipandishe usawa wa kifua au zaidi, upande wa msonobari usiorundika theluji. Paka grisi ya silikoni kwenye mpira wa kifuniko. Mafuta ya mashine huula baadhi ya mipira. Badilisha karatasi kwa ile isiyolowa, acha penseli, ongeza alama ya theluji kwenye ukurasa kama unaistahili. Lisiloweza kupandishwa, lisimamishe kwa muda kwenye programu, ukiandika wazi kwamba litarudi barafu ikiisha.